Mwili Mzima Huku Ruiru

Mama Rasoa mpenzi,

Salamu nyingi, na watoto uwape. Maporomoko ya Chania yaliyo kwenye picha ya kadi hii sijayaona. Nimeyasikia tu tukipita Thika. Bwana mkubwa anachora ramani ya lugha, na kazi yangu ni kuulizia majina ya mwili. Kutwa najishika bega, kiuno, goti, nauliza, "Hapa kwenu mnapaitaje?" Kwa Wakikuyu mkono ni mmoja toka begani hadi vidoleni, kama kwetu. Wajaluo wanaugawa majina mawili, basi bwana anafurahi kama ng'ombe wake amezaa ndama.

Jana nilimuuliza mama mmoja Mkikuyu anayechuma kahawa. Alinijibu polepole, huku akinitazama kwa huruma. Nilipoinama kushika nyayo, akashusha kikapu chake.

"Wui, mwanangu! Kwani ni wapi hapakuumi?"

Nilitaka kumweleza habari ya ramani, nikachoka kabla sijaanza. Akanipa uji wake kwenye kibuyu, nikakaa chini nikanywa wote.

Nikifika usiniulize habari ya safari. Niwekee kwanza maji ya moto ya miguu.

Ni mimi wako,
Baba Rasoa