Mama, Panya Hawajapona

Mama,

Jana nilimpeleka mdogo wangu Upendo shuleni, muhula umeanza. Mimi ningali hapa Mbeya, gesti karibu na stendi, blanketi mabegani. Tangu tukuzike sijalia vizuri. Nilidhani nikibaki peke yangu nitalia. Badala yake nakuandikia.

Panya hawajapona. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilouliza kwanza kila nilipokupigia simu kutoka ughaibuni, hata kabla ya kuuliza kama nimekula. "Hawajambo panya?" Nami nilijibu, "Wanaendelea."

Unakumbuka siku niliyokueleza kazi yangu? Ulikuwa unachambua maharage. Nilikwambia maabara yetu ina panya wadogo, weusi, walioondolewa jeni moja tu, ile inayotunza utando wa mishipa ya fahamu ya miguuni na mikononi. Wanazaliwa wazima, wanakimbia. Wakishakua, miguu ya nyuma inaanza kuburuzika. Ukaacha maharage.

"Kwa hiyo mnawatia ugonjwa wangu?"

Nikasema ndiyo, ili tuutazame.

"Masikini. Wamekosa nini?"

Wewe, uliyewategea panya wa kwetu sumu kila msimu wa mahindi! Tangu siku hiyo ukawataja kwenye sala ya jioni, baada ya mchungaji na kabla ya wasafiri, na Upendo akawa anabana kicheko ndani ya kanga. Uliamini tunawatibu. Sikujua nikuelezeje kwamba kazi yangu ni kupima jinsi wanavyozidi kuanguka.

Pale Ipogolo wenzako mliokuwa mkikimbilia nao mabasi na beseni za vitunguu walikucheka ulipoanza kupepesuka. "Mama Neema, umelewa ulanzi asubuhi hii?" Wewe, Mlutheri usiyegusa hata togwa iliyochacha. Ukawajibu, "Nimekunywa peke yangu, ninyi mngeumaliza." Kisha siku moja jikoni kaa la moto likaingia kwenye ndala yako na hukulisikia. Upendo ndiye aliyesikia harufu. Kidonda kile ndicho kilichokuchukua, nami nilikuwa mbali, naandika juu ya mishipa ya nyayo za panya.

Sasa nikwambie la jana.

Basi lilisimama Igawa, Upendo akashuka kununua mahindi ya kuchoma. Dereva akapiga honi, Upendo akarudi mbio. Nilikuwa dirishani. Mama, anainua magoti juu mno, kama mtu anayevuka tope, na wayo unapiga chini, pa! Naujua mwendo ule. Nikajiambia ni viatu.

Kwenye geti la shule akavua viatu abadilishe soksi. Nikakikung'uta cha kulia. Kikadondoka kifuniko cha soda. Alikuwa akikikanyaga, labda tangu nyumbani. Kwenye wayo palikuwa na duara la meno ya kifuniko, limechimba, na damu kidogo. Akalitazama kama liko kwenye mguu wa mtu mwingine.

"Dada, na mimi?"

Nikasema kuna kipimo cha damu, naweza kumtafutia.

"Na dawa?"

Nina shahada mbili, Mama. Nikakitia kile kifuniko mfukoni. Wenzake walikuwa wakipita na matranka, mmoja akamwita, "Twiga, fanya haraka, tutakosa vitanda vya chini!" Akacheka, akavaa viatu, akaenda. Sikumkumbatia vizuri. Nilikuwa naangalia miguu.

Nimemwomba matroni amkague nyayo kila jioni. Akasema, "Nimekusikia, mwanangu, nitamtazama kama wangu." Nilitaka kumwamini. Ana mabinti bweni zima.

Kesho kutwa nasafiri. Nitamwinua panya kwa mkia, kama kawaida, nione kama anatanua miguu kama mzima au anaikunja kama mgonjwa, na sijui nitawezaje. Sijui kama tutaipata dawa kabla miguu ya Upendo haijafika ulipofika wewe. Huenda tusiipate. Hakuna aliyenifundisha nifanye nini na haya ninayoyajua.

Nakuahidi hivi tu: shule ikifungwa nitakuwa nimerudi. Akitaka kupimwa tutakwenda wote, asipotaka sitamlazimisha. Na akiniuliza sitamficha, hata kama jibu ni kwamba hakuna.

Maduka yameanza kufunguliwa. Nakwenda kumtafutia viatu vya kamba, soli nene, nivifikishe getini kabla hawajaingia darasani. Leo siwezi zaidi ya hapo.

Pumzika, mama yangu.

Neema