Santuri Iliyotoka Bukavu

Jumatatu, 3 Agosti 1992

Leo nimefungua geti mara thelathini na moja. Bila mimi mji huu hauli, hauvai, wala hausikii muziki. Chumvi, saruji, vitenge, redio, vyote vinapita maghala ya Gikondo, na Gikondo inapita mkononi mwangu. Wakubwa wa ghala wana ofisi na mashine ya hewa. Mimi nina ufunguo.

Vumbi la kiangazi. Magoti yanauma. Jana nilisema sana.

Niandike nilichosema, maana leo madereva wote wanacheka nacho. Jana tulikwenda Kabeza kumposea Abdu, mtoto wa dada yangu Zulfa. Baba yake marehemu, kwa hiyo msemaji wa upande wetu nilikuwa mimi. Nani mwingine? Msemaji kazi yake ni kujisifu, na upande wa pili kazi yao ni kumtega. Nilisema ng'ombe wetu wakinywa maji, mto Nyabarongo unapungua. Watu wakapiga makofi. Bora ningenyamaza hapo.

Baba wa binti ni Mzee Idrissa, fundi mstaafu wa simu. Alifanya kazi Bujumbura miaka mingi. Sebuleni ana gramafoni yenye spika mbili kubwa kama makabati, na rafu ya santuri anazozifuta kwa kitambaa cha hariri. Nikamwambia hizo ni za kawaida. Nikasema mimi huletewa santuri za Japani, nzito, safi, zile ambazo mpiga tarumbeta akivuta pumzi unamsikia. Tena kwa bei ya kuku.

Msemaji wao akadaka hapo hapo. "Basi Alhamisi ya wiki ya ndoa moja iwe hapa mezani. Isipokuja, bibi harusi hatoki chumbani."

Wote wakacheka. Mzee Idrissa hakucheka. Macho yalimng'aa kama mtoto wa Idi.

Jumatano, 5 Agosti

Nimepanda mjini kwa miguu. Duka lile la mtaa wa juu, wanaponunua watu wa balozi. Wanayo moja tu. Ya Japani kweli, ina karatasi ya maandishi yao pembeni. Faranga elfu sita na mia tano. Nikamuuliza muuzaji kama inakuja na nyumba. Ni mshahara wangu wa mwezi, ukitoa sabuni.

Sikuonyesha kushtuka. Nikasema nitatuma dereva wangu aichukue.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimeuliza madereva wote walioingia. Mtu wa kawaida angehitaji pasipoti. Mimi nakaa kwenye stuli yangu, dunia inakuja kujieleza.

Dar: hakuna. Kaseti ndizo zimejaa, santuri hakuna anayezitaka.

Nairobi: zipo, bei nusu ya hapa. Lakini barabara ya mpakani Gatuna imefungwa na vita. Kuzunguka Rusumo ni siku tano, wakipata mafuta.

Bujumbura: zipo kwa maduka ya Wahindi, kama elfu tatu. Ila mwenye duka hatoi mpaka mteja aje mwenyewe achague.

Bukavu: mia tisa. Nilimwambia dereva wa huko, Papaa Kasongo, arudie. Mia tisa. Akaeleza: "Mukubwa, Wazungu walikimbia, wakaacha nyumba na vitu vyao. Watu kule hawana umeme, hawana chumvi. Santuri iko ya kufunikia sufuria."

Kitu kimoja, duara moja, na bei inapanda mara saba kwa kuvuka mto Rusizi na kupanda milima. Nimeyafikiria haya mpaka kichwa kikachoka.

Nimempa Kasongo elfu moja. Mia ya juu ni ya kwake.

Alhamisi, 13 Agosti

Kasongo hajarudi.

Zulfa kaja getini na kanga kichwani. Kaniambia mama wa binti anauliza habari ya ile zawadi. Nikasema iko njiani kwa ndege. Zulfa hakuamini. Ni dada yangu, ananijua toka naiba sukari. Akasema, "Kaka, nina mtoto mmoja." Akaondoka bila kunywa maji.

Nimechoka na mdomo wangu.

Jumapili, 16 Agosti

Nimelala mchana, ubavu wa kulia kama kawaida. Nikilala hivyo dunia inazimika, hata watoto wa jirani siwasikii. Nimeota Mzee Idrissa anafuta rafu tupu.

Jumanne, 18 Agosti

Imefika. Kasongo alikamatwa kwenye kizuizi cha njiani. Askari waliiona ile santuri nyeusi, wakadhani ni kifaa cha vita. Waliigonga, wakainusa, wakaishika kwenye jua. Mmoja akataka wimbo uimbwe ndio aamini. Kasongo akaimba. Wakamwachia.

Jalada limekunjika pembe, lakini ni ya Japani, maandishi yale yale. Mia tisa. Nimeionyesha kila dereva. Nimewaambia duka la mjini wanauza elfu kumi na mbili.

Sikununua kama mjinga. Nilikwenda kwa fundi redio wa hapa Gikondo kuipima. Spika zake zilikuwa zimefunguliwa matumbo mezani, akanivisha za masikioni. Nikasikiliza upande wote wa kwanza, macho nimefumba. Piano, tarumbeta, mtu anavuta pumzi. Safi kama maji ya chupa. Fundi akauliza, "Hakuna mikwaruzo?" Nikamwambia haya masikio yangu yangeajiriwa Ulaya.

Alhamisi, 20 Agosti

Nimeifikisha Kabeza alasiri. Nimevaa kanzu. Mzee Idrissa aliipokea kwa mikono miwili. Akaifuta kwa kile kitambaa cha hariri, taratibu, akaiweka. Tulikuwa watu kama kumi, mimi na Zulfa na Abdu, na wao.

Muziki ukaanza. Mimi nimekaa ubavuni mwa spika ya kulia, nikatikisa kichwa kwa raha. Wengine wakaanza kutazamana. Msemaji wao akafungua mdomo, na naujua mdomo ule ukifunguka. Mzee Idrissa akainua mkono.

"Ni spika yangu ya kushoto," alisema. "Imezeeka kama mimi. Inakohoa."

Akaacha wimbo uishe, akainua sindano. Kisha akanishika bega mbele ya wote. "Msemaji ametimiza. Mtoto atatoka."

Zulfa alilia kidogo. Mimi nilimwonea huruma mzee. Santuri kama ile, spika mbovu. Nikaahidi kumletea fundi wangu bure. Akasema hakuna haraka. Nikasisitiza. Mtu mkubwa hasemi mara moja.

Ijumaa, 21 Agosti

Abdu ameoa. Pilau ilikuwa nzuri. Nimesimulia habari za Bukavu mara nne, mara ya nne ikawa nilikwenda mwenyewe kwa miguu. Miguu imevimba kweli, lakini ni kwa kusimama.

Jumatatu, 24 Agosti

Nilimpeleka fundi Kabeza baada ya kazi. Mzee Idrissa alitupokea kama mtu aliyeshikwa. Alisema spika imepona yenyewe. Nikacheka, nikamwambia fundi afungue.

Fundi alifungua. Hakuona kitu. Akaweka santuri nyingine ya mzee, akasogea kulia, akasogea kushoto, akasema zote zinalia sawa. Akaweka ile ya Japani. Akaniangalia. Akaitoa, akaipeleka dirishani, akapitisha kucha.

Mzee Idrissa alisema, "Fundi, kunywa chai kwanza."

Tulikunywa chai. Tuliongea mvua itaanza lini.

Njiani fundi kaniambia. Sindano mbovu ya mwenye nayo wa kwanza imekula upande mmoja wa mfereji wote. Kulia ni safi. Kushoto ni mchanga unakaangwa, toka mwanzo mpaka mwisho, hata kiziwi angesikia. Kisha akahamia upande wangu wa kulia. Tukaenda hivyo mpaka Gikondo.

Jumatano, 26 Agosti

Malori machache leo. Nimekaa.

Abdu alipita na mkewe kunisalimia. Binti anasema baba yake huiweka ile santuri kila Ijumaa, anazima spika moja.

Sikio langu la kushoto limekufa mwaka wa tisa sasa. Sijamwambia mtu, hata Zulfa. Nilikuwa nimejiandaa, siku likijulikana, kusema tairi la lori lilipasuka kichwani pangu nikiokoa watu.

Haikuwa tairi. Lilikuwa linawasha, nikalichokonoa kwa njiti ya kiberiti.