Mandolini Haishikwi kwa Kidevu

Kilwa Kivinje,
14 Septemba 1992

Kwa Kaka yangu mheshimiwa Alfani, Kipatimu.

Shikamoo. Kabla ya jambo lolote naomba kujua hali yako, ya shemeji na watoto, na hasa ya Mama na goti lake. Mimi ni mzima, ukiondoa vidole vya mkono wa kulia, ambavyo vimechubuka kwa sababu nitakazozieleza, na kazi ya ukarani kwa mnunuzi wa ufuta inaendelea vyema.

Utakumbuka kwamba fidla nilifundishwa na Bruda Erasmo pale misheni, na kwamba nywele za upinde zilipokwisha nilifunga katani, mbuzi wa Mama wakakata kamba kwa kuikimbia sauti yake. Hapa Kivinje, tangu biashara iachiwe huria, madukani mna redio za Dubai na miwani ya jua ya kila rangi. Lakini nilipoulizia nywele za mkia wa farasi, mwenye duka aliniuliza kwa upole kama nililala vizuri. Ndipo nikaazimia kuhamia mandolini, chombo kisichohitaji upinde, ambacho nyuzi zake hufungwa kwa sauti zile zile za fidla, ila kila uzi una pacha wake.

Kikundi cha taarabu cha hapa kinaongozwa na Bwana Bakary, fundi cherehani, ambaye mpiga mandolini wake amehamia Dar es Salaam. Alikubali nifundishwe na dada yake, Bi Mwanaasha, mjane aliyerithi chombo hicho na ufundi wake kwa marehemu mumewe, ingawa mwenyewe hapendi kupiga mbele za watu. Masharti yalikuwa haya: tukae barazani baada ya sala ya alasiri, cherehani ya Bwana Bakary ikiwa pale pale, na siku nitakayofuzu, masomo yakome, niingie kikundini.

Siku ya kwanza niliiweka mandolini chini ya kidevu. Bi Mwanaasha aliniambia kwamba ile si mtoto mchanga wa kucheulishwa begani, niiteremshe kifuani. Nikaiteremsha, lakini mkono wangu wa kulia, uliozoea kuvuta upinde kwa marefu, uliikokota risha ya kupigia juu ya nyuzi zote kama ufagio uani. Bwana Bakary akauliza, bila kuinua macho, kama dada yake anafundisha muziki au anapepeta mchele.

Nilistahimili. Vidole vya kushoto vilikwisha kupajua mahali pao tangu enzi za fidla. Mkono wa kulia nao, baada ya kuchubuka vya kutosha, ukajifunza kutetemesha risha badala ya kuikokota. Ndipo nilipogundua, kwa masikitiko makubwa, kwamba ninajua. Kaka, nilikuwa nimekwisha kuyazoea yale magharibi yanayokuja tukiwa bado tunabishana juu ya kidole cha tatu. Nikaanza kukosea kwa makusudi, kazi ambayo ni ngumu kuliko kupatia.

Alhamisi iliyopita Bwana Bakary alitoa pini mdomoni na kutamka kwamba ameshona sare za shule nzima akisikiliza wimbo mmoja unaoharibiwa. Kwamba sikio langu ni la mninga. Na kwamba kuanzia kesho nitabeba mabenchi ya kikundi. Nikaona kwamba nikifuzu mlango unafungwa, na nikishindwa unafungwa vile vile. Basi nikaupiga wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, pasipo kosa.

Cherehani ilinyamaza. Bwana Bakary akamwuliza dada yake huyu ni nani tena. Bi Mwanaasha hakushangaa hata kidogo. Alisema kwamba mtu asiyejua hukosea popote, ila mimi nilikuwa nikikosea mahali pale pale tu panapomlazimu yeye kusogeza kiti karibu nami.

Nikasimama, nikaanza kuwasilisha ombi langu kwa mpangilio: utangulizi, kiini na hitimisho. Bwana Bakary alinikatiza kwenye utangulizi, akasema kwamba maombi ya namna hiyo huletwa na wazee, na kwamba kama sina wazee niseme, aendelee kushona.

Hapa ndipo penye kiini cha barua hii. Nilimjibu kwamba wewe utafika na posa Ijumaa ya tarehe 25 mwezi huu, na kwamba Mama amekwisha kuridhia. La kwanza nakuomba ulitimize. La pili nakuomba ulitafute, ikiwezekana Mama akiwa ameshakula, kwa kuwa Bi Mwanaasha amenizidi umri kidogo.

Kuhusu kauli ya Bi Mwanaasha mwenyewe, nilimwuliza wakati Bwana Bakary alipoingia ndani kutafuta mkasi. Alinirudishia mandolini, akaniagiza niupige wimbo upya, nami kwa woga nikakosea kweli kweli, tena mahali nisipopategemea. Akasogeza kiti. Nimelichukulia hilo kuwa ni ndiyo. Hata hivyo wewe, ukiwa mzee wa posa, hakikisha unalipata kwa maneno.

Nifikishie salamu kwa shemeji, kwa watoto, na kwa majirani wote wanaoniulizia kwa wema. Mama mbusie mkono, kisha umweleze taratibu.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,

Yunusu