Mupanga ya tonton Ruphin

Malika, naandika mbio, usicheke kama naandika mubaya.

Niko Lubunga, ku shamba. Unajua zile ndizi zetu za makemba zilianza kuiva mbele ya wakati, na mimi najisifu? Leo agronome, ule wa kufundisha kilimo, amekuya kuangalia, mama moja ya mupole. Amekata kemba moja katikati. Inje iko muzuri kabisa. Ndani iko brun kama udongo, imeoza.

Kisha akakata muti. Tukangoja kidogo. Usaha ya njano ikatoka. Usaha, Malika, kama ya kidonda ya mutu.

Akaniuliza, "Munakataka na mupanga gani?" Nikasema ile ya tonton Ruphin, ndiyo iko mukali, familia na majirani wote tunaitumikisha.

"Na munaichomaka ku moto kisha kila muti?"

Nani anachomaka mupanga? Sisi tunaipanguzaka na majani, basi.

Akasema, "Alors ni ninyi wenyewe munatembeza ugonjwa." Ninyi wenyewe. Alisema polepole, bila kasirani, na ile ndiyo imeniogopesha zaidi. Dawa haiko. Tutang'oa yote, hata ile mama alipanda mbele afe.

Sasa hii nimemuuliza tonton mupanga iko wapi, niichome

Malika

Anasema ulikuya kuibeba asubui, unaenda kukata majani ku makemba ya mama yako

Malika weka chini. Nakupigia, haupokee

Kama umekwisha kukata muti moja, usiguse ya pili