Shuka Nyeupe Barazani Kamukuywa

Baba Simiyu,

Nakusalimu kutoka kwa mama yako, ambako mvua imenyesha vizuri na ananilisha kuku kama mgeni. Jana tulienda baraza ya chifu kuhusu kile kiwanda cha sukari nguru kinachomwaga masizi mpaka kwa uji wetu. Mwenyewe anataka kuongeza tanuru la pili. Akaahidi kujengea kila nyumba jiko lenye bomba, ati moshi utakaopungua jikoni kwetu utafidia ule wake. Watu wakapiga makofi. Mama akasimama, akakunjua shuka nyeupe aliyoianika asubuhi, sasa nyeusi kwa masizi.

"Jiko nitachukua, asante," akasema. "Lakini hii haikutoka jikoni kwangu. Si uanze na bomba lako?"

Mwenye kiwanda akaipapasa shuka, akaangalia vidole vyake vilivyojaa masizi. Mwishowe akaandika mbele ya chifu kwamba ataweka kichujio cha moshi kwanza, tanuru baadaye. Leo mafundi wako juu ya bomba wakipima. Mama bado anakohoa kwa ule moshi, lakini ameamka akiimba.

Nakuwaza sana. Kula vizuri, na umwambie Simiyu nyanya yake hatishiki.

Wako,
Mama Simiyu