Shikamoo Zilizonikosesha Picha ya Baba

Jumamosi, Gitting. Ukungu umeshuka tangu alfajiri, mlima sijauona kutwa nzima. Nimevaa sweta mbili, miguu inaniuma, na bado nacheka peke yangu kama chizi.

Leo nimepiga picha za harusi kwa mara ya kwanza maishani.

Na ile moja niliyoombwa, nimeikosa.

Aliyeolewa ni Paskalina, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Juzi alinishika mkono akaniambia, "Wewe, hata keki usipoipiga, sawa tu. Mimi nataka baba akiniingiza kanisani bila fimbo." Baba yake alikanyagwa na maksai wakati wa kulima, na mguu haujapona vizuri. Mwezi mzima amekuwa akijifunza kutembea bila fimbo katikati ya matuta ya viazi, akidhani hatumwoni. Kijiji kizima tulikuwa tunamwona!

Basi mimi na kamera yangu ya kuazima nilipanga nisimame mbele, karibu na madhabahu. Lakini ili nifike huko ilibidi nipite mabenchi ya wazee. Utawapitaje wazee bila shikamoo? Nikaanza. Shikamoo babu, marahaba. Shikamoo bibi, marahaba, kwani wewe ni mtoto wa nani vile? Bibi mmoja kutoka Hirbadaw, shangazi wa baba Paskalina, akaung'ang'ania mkono wangu, akaniuliza habari za mama, za ndugu zangu, mpaka za ng'ombe. Ningeuvuta mkono? Thubutu!

Kwaya ikaanza. Vigelegele. Nilipogeuka, Paskalina ameshafika mbele na baba yake ndiyo anakaa.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Ibada nzima nilipiga picha huku machozi yananilenga. Pete, kwaya, watoto wa kurusha maua, vyote ninavyo, lakini moyoni hamna kitu. Watu walipotoka kwenda kula nilimfuata baba, nikamwambia ukweli wote. Akacheka mpaka akakohoa.

"Ungempita shangazi bila kumsalimia, hapo ndipo ningekasirika," akasema. "Mwite mwenzako, turudi."

Paskalina akaja bado anatafuna pilau, gauni amelikusanya mkononi. Kanisa lilikuwa tupu. Baba akaegemeza fimbo mlangoni, wakaanza kutembea kunijia. Hatua tano, sita. Ya saba mguu ukagoma, maana ulikuwa umeshachoka na shughuli. Paskalina akaliachia gauni likaburuta chini, akamkamata baba yake kiunoni, na wote wawili wakaangua kicheko.

Nikabonyeza.

Nilimwonyesha baba kwenye kioo cha kamera huku naomba radhi, kwa sababu anaonekana wazi amemwegemea binti. Akaitazama sana.

"Asubuhi nilikuwa nahesabu hatua tu," akasema. "Hata mwanangu sikumwona. Hii ndiyo unipe."

Paskalina akalia, poda yote ikaharibika. Na mimi nikalia, tena kwa sauti.

Jamani, nampenda yule mzee. Nikiitwa harusi nyingine nitafika kanisani kabla ya padri, nimalize shikamoo zote, habari za ng'ombe nazo nizijibu, ndipo niwashe kamera.