Simba wa Kwenye Miwani

Evelina,

Uji uko kwenye chupa. Mwigulu akija saa nane kuchukua hela ya ile miwani yake ya gemu, ~~mlipe~~ usimlipe.

Asubuhi niliijaribu. Akatokea simba mkubwa kuliko trekta, nikapigana naye mpaka chungu cha bibi yako kikavunjika. (Bibi mwambie ni paka.) Lakini nikakumbuka ulivyonieleza: ukiivaa ukageuka, unaona kilicho nyuma yako humo ndani ya gemu. Mimi nimegeukia mlangoni, nimegeukia jikoni, simba yuko palepale mbele ya pua! Hiyo ni luninga ya kufunga usoni. Ndiyo maana Mwigulu alisisitiza, "Mzee, kaa tu, usigeukegeuke." Sisi wa Mhunze hatulipii ng'ombe mnadani kabla hajatembezwa.

Akifika, mvalishe mwenyewe, umzungushe. Mimi naenda Kalangalala, wakaniwashie ile skrini iliyotumika uliyoiona dukani huko, niikague kabla ya kuilipia.

Na kwa kuwa ukiitwa "dada mrembo" mikono yako hulegea, hela ulizodunduliza chuoni nimeondoka nazo. Kwenye kopo la majani ya chai sasa kuna majani ya chai tu.

Babu yako